Vyungu vya Magdalene Odundo: anza kuangalia shingoni

Chungu cha Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Kenya, hakijapakwa rangi, hakijachorwa, wala hakina glezi, ule mng'ao wa kioo tuliouzoea kwenye sahani na vikombe. Kuna udongo mwekundu, mkono na moto, basi. Ukikikagua jinsi fundi anavyokagua kazi ya fundi mwenzake, unagundua haraka kwamba hakuna pa kujificha. Kosa lililofanyika wakati wa kukanda, kuunga, kukausha au kuchoma lingebaki wazi juu ya ngozi ya chungu kwa umri wake wote.

Tathmini hii ni ya watu wa aina mbili: anayetaka kujua kama Odundo anazistahili sifa anazopewa, na mfinyanzi anayetaka kujua kazi hizi zinafanyikaje. Kwa huyo wa kwanza jibu ni ndiyo, anazistahili, tena kwa sababu ambayo picha za magazeti haziionyeshi. Picha huonyesha umbo: tumbo lililojaa, shingo ndefu, mdomo uliopanuka. Umahiri wenyewe umekaa kwenye maungio, hasa pale tumbo linapojikunja kuwa bega na bega linapopanda kuwa shingo. Hapo ndipo vyungu vingi vya kufinyangwa kwa mkono huharibikia.

Kuhusu mwenyewe, kwa ufupi. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akasomea michoro ya kibiashara nchini Kenya, na mwaka 1971 akaenda Cambridge, Uingereza, kuendelea na masomo ya sanaa. Udongo ulimpata huko. Mwaka 1974 na 1975 alisafiri Nigeria na Kenya. Nigeria alijifunza katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja, kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew mwanzoni mwa miaka ya 1950. Pale alikutana na wanawake wafinyanzi wa Kigwari, akiwemo Ladi Kwali, ambaye sura yake imo kwenye noti ya naira 20. Wanawake hao hawakizungushi chungu. Chungu kinakaa mahali pake na mfinyanzi ndiye anayekizunguka. Baadaye Odundo alifika San Ildefonso, New Mexico, Marekani, kwenye kijiji cha Maria Martinez, mfinyanzi wa Wahindi Wekundu aliyejulikana kwa vyungu vyeusi vya kung'aa. Alisoma pia katika chuo cha sanaa cha Farnham, Uingereza, akamalizia Royal College of Art jijini London mwaka 1982. Baada ya hapo zikafuata heshima, kuanzia uprofesa hadi Dame, cheo cha heshima cha Uingereza, mwaka 2020. Heshima hazikisaidii chungu kusimama, kwa hiyo twende kwenye udongo.

Odundo hatumii gurudumu la mfinyanzi. Huanza na bonge la udongo mwekundu, hulitoboa na kulivuta juu kwa mkono mpaka lipate kitako na kuta za chini, kisha huongeza kamba za udongo, moja juu ya nyingine, huku akikwangua ukuta kwa vipande vya kibuyu. Wafinyanzi wa vijijini kwetu wanavijua vifaa hivi vyote. Kipande cha kibuyu kina faida ambayo kisu au bapa la chuma halina: tayari kimepinda, na unaweza kukikata upate mkunjo unaolingana na tumbo unalolitaka. Bapa lililonyooka likikwangua ukuta wa mviringo huacha nyuso ndogondogo zilizolala, ambazo hazionekani udongo ukiwa mbichi. Zitaonekana zote siku utakapomaliza kung'arisha, na wakati huo hakuna la kufanya.

Anayetaka kujaribu umbo la namna hii, tuseme chungu chenye urefu wa sentimita 40 na tumbo la sentimita 30, aandae kilo 6 hadi 7 za udongo uliokandwa vizuri. Kilo moja au moja na nusu itarudi ndooni kama mabaki ya kukwangua. Ukuta uanze na unene wa milimita 10 na umalizike na 6 au 7. Usikimbilie wembamba kabla bega halijafungwa. Udongo uchanganywe na unga wa vigae uliochekechwa kwa chekecheo laini, sehemu moja kwa kumi hivi. Unga huo hupunguza kusinyaa na huupa mvuke njia ya kutokea. Punje zikiwa kubwa, jiwe la kung'arishia litazichomoa na kuacha michirizi kwenye ngozi; ukikosa unga kabisa, kuta nene za kitako zitapasuka motoni.

Sasa bega. Hadi katikati ya tumbo kila kamba inasimama juu ya mwenzake na uzito unashuka moja kwa moja hadi chini. Ukipita hapo kamba zinaanza kuelekea ndani, zinaning'inia hewani, na kinachozishika ni nguvu ya udongo wenyewe. Udongo ukiwa laini, bega linazama taratibu usiku wakati hupo. Ukiwa umekauka mno, kamba mpya haishiki. Wazee walisema udongo uwahi ungali maji, nao walisema kweli, ila begani kuna sharti la ziada: kamba inayowekwa iwe na maji yake, na ukingo unaoipokea uwe umeshashika kiasi cha kutobonyea kwa kidole gumba. Ukingo huo ukwaruzwe kwa uma, upakwe uji mzito wa udongo uleule, kamba iwekwe ikiingia ndani kidogo, kisha ivutwe chini kwa kidole gumba pande zote mbili, nje na ndani. Weka kamba mbili au tatu, uache. Ukingo unafungwa kwa utepe wa nailoni ubaki na unyevu, tumbo linaachwa wazi lishike, na kazi inaendelea saa kadhaa baadaye au kesho yake.

Ubaya wa kosa la begani ni kwamba halionekani siku linapotendeka. Udongo mwekundu wa kawaida husinyaa asilimia 5 hadi 8 unapokauka. Ukingo ukiwa umeshasinyaa nusu ya safari yake na kamba mpya ndiyo kwanza inaanza, tofauti hiyo lazima itokee mahali, nayo hutokea kwa ufa mwembamba wa mlalo unaolizunguka bega. Mara nyingi ufa hujificha hadi moto wa kwanza. Wapo wanaouziba kwa uji wa udongo na kusugua juu yake, na siku mbili tatu unaonekana umepona. Hautapona. Uji una maji mengi kuliko ukuta, kwa hiyo husinyaa zaidi, na ufa hurudi palepale ukiwa mpana zaidi.

Halafu inakuja shingo. Ikishapungua upana kuliko ngumi, mkono hauingii tena, na chochote ambacho hakikumalizwa kwa ndani kitabaki hivyo. Kwa hiyo kabla ya kufunga bega, mfinyanzi lazima awe ameshabana kila ungio la ndani na kukwangua unene wote usiotakiwa. Kutoka hapo anafanya kazi kwa kijiti kilichofungwa kitambaa, akibonyeza ungio kwa ndani asiloliona na kulipima kwa vidole vya mkono ulio nje. Shingo ndefu ya sentimita 15 au 20 haitengenezwi kwa kamba ndefu za haraka. Ni pete fupi, moja baada ya nyingine, na kila pete inabeba wajibu wa kuendeleza mkunjo ulioanzia kitakoni.

Hapo ndipo kazi ya Odundo inapomtoa jasho fundi anayeiangalia. Simama mbele ya chungu chake cha shingo ndefu, upitishe jicho polepole kutoka tumboni kwenda juu, ukitafuta mahali ambapo kamba ya mwisho ya bega ilikutana na pete ya kwanza ya shingo. Huoni mstari wala uvimbe, na hata ule mbonyeo mdogo ambao kidole gumba huacha kwa kawaida haupo. Njia nzuri ya kuhakikisha ni kuutazama mwanga badala ya udongo: taa ya ukumbini huacha mstari mweupe juu ya ngozi iliyong'arishwa, na mstari huo ukikatika au ukivimba ujue chini yake kuna kasoro. Kwenye vyungu hivi mstari unapanda kutoka tumboni hadi mdomoni pasipo kukatika. Ni kipimo kikali, na vyungu vya wafinyanzi wengi wazuri hushindwa hapo.

Pia vingi havina ulinganifu. Shingo imeegama, mdomo umepanuka upande mmoja na kuelekea juu, tumbo limesogea mbele. Kitako chenyewe ni kidogo. Kinachofanya chungu kisianguke ni hesabu ya uzito: ukishusha timazi kutoka katikati ya uzito wote, lazima iangukie ndani ya kitako. Shingo ikiegama kulia, tumbo lirudishe kushoto. Mfinyanzi wa kawaida anayejaribu hivi huongeza unene kitakoni ili apate nanga, na hilo humgharimu, kwa sababu kitako kinene hukauka mwisho na kupasuka katikati. Odundo anarudisha uzito kwa umbo lenyewe, na ndiyo maana mwegamo wake hauonekani kama hila. Unaonekana kama mtu aliyesimama akiegemea mguu mmoja.

Kukausha ni suala la uvumilivu, nalo halina siri: funika mdomo na shingo kwa nailoni, acha tumbo likauke kwanza, geuza chungu kila siku, kiwe mbali na upepo wa mlango. Mdomo mpana na mwembamba ukikauka mapema hupinda juu au huchanika ukingoni.

Ngozi inastahili maneno zaidi. Odundo huufunika mwili wa chungu kwa uji mwembamba sana wa udongo laini na kuusugua hadi ung'ae. Wafinyanzi wa vyuoni huuita uji huo terasijilata. Ni rahisi kuuandaa, na ni rahisi vilevile kuuharibu. Chukua lita moja ya maji, gramu 450 za udongo mwekundu uliokauka na kusagwa, na gramu 2 hadi 3 za sodiamu siliketi, inayofanya chembe zisukumane zisigandamane. Koroga, acha bila kutikisa kwa saa 20 hivi. Chembe nzito zitazama. Kinachotakiwa ni sehemu ya juu, theluthi mbili hivi, inayovutwa kwa mrija mwembamba bila kuigusa tope ya chini. Pima: mililita 100 za uji huo ziwe na uzito wa gramu 115. Ukiwa mzito kuliko hapo, uongeze maji. Ukiwa mwepesi ndipo unauacha wazi maji yapungue.

Hupakwa kwa brashi laini juu ya udongo mkavu, matabaka matatu au manne membamba, na kila tabaka husuguliwa kabla halijakauka kabisa, kwa kitambaa laini au mfuko wa nailoni uliofungwa kwenye kidole. Jiwe laini la mtoni hutangulia, wakati udongo umeshika lakini haujakauka. Jiwe hubana chembe bapa za udongo zilale chini upande mmoja, na mng'ao hutokana na chembe zilizolala hivyo. Tabaka nene hubanduka kama maganda motoni. Jiwe likikandamizwa udongo ukiwa laini bado, huchimba mifereji. Likitumika ukiwa mkavu sana, huukwaruza badala ya kuulaza. Sehemu ngumu kuliko zote ni kuzunguka vile vinundu vidogo ambavyo Odundo huviweka kwenye baadhi ya vyungu, vilivyopangwa mithili ya pingili za uti wa mgongo au vilivyo viwili viwili kifuani mwa chungu. Jiwe halifiki vizuri chini ya kinundu, na kwa wengi hapo hubaki duara lisilong'aa. Kwake ngozi inapanda juu ya kinundu na kushuka upande wa pili ikiwa na mng'ao uleule. Anayejua kazi hii anajua ni saa ngapi zimezama pale.

Moto wa kwanza ni wa hewa ya kutosha, nao huacha chungu kikiwa na rangi ya chungwa au nyekundu. Hadi nyuzi 120 za Selsiasi upande polepole, kwa saa tatu au nne, maana maji yaliyobaki ukutani yakichemka ghafla yatalipua kipande. Kati ya nyuzi 350 na 600 hutoka maji yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe, na kwenye nyuzi 573 chembe za mchanga hutanuka kwa mkupuo. Wakati wa kupoa hunywea kwa mkupuo vilevile. Chungu chenye tumbo pana na shingo nyembamba huumia hapo kuliko bakuli, kwa sababu shingo hupata joto na kulipoteza mapema kuliko tumbo. Juu kabisa, ngozi iliyosuguliwa huanza kufifia tanuri likipita nyuzi 1000 hivi. Ukizidisha joto ili chungu kiwe kigumu, unapoteza mng'ao. Ukipunguza ili kuulinda mng'ao, chungu kinabaki laini na chenye kunywa maji. Odundo amechagua ngozi, na vyungu vyake si vya kutilia maji.

Vile vinavyotakiwa kuwa vyeusi hurudi motoni mara ya pili, ndani ya kasha la kuokea lililojazwa maranda ya mbao na kuzibwa. Maranda yanaungua kwa kukosa hewa, moshi unatafuta oksijeni na kuinyang'anya ile kutu ya chuma iliyo ndani ya udongo, na wekundu unageuka weusi. Kaboni nayo inaingia kwenye vitundu vya ukuta. Kasha likivuja, mahali pa uvujaji patakuwa na doa la kahawia au chungwa. Likifunguliwa lingali na joto kali, hewa huingia na weusi huungua mbele ya macho yako. Maranda yakigusa chungu upande mmoja tu, upande huo utakuwa mweusi wa kung'aa na mwingine wa kijivu. Kuna dawa moja: kukichoma tena kwenye hewa ya kutosha hadi kaboni yote iungue na wekundu urudi, halafu kuanza upya. Odundo anajulikana kwa kukirudisha chungu motoni mpaka aridhike. Kila safari ya motoni ni nafasi nyingine ya kupasuka, kwa hiyo kinachofika ukumbini ni kile kilichonusurika.

Kwa maoni yetu, bora kuliko vyote ni vile vya rangi mchanganyiko, ambavyo moto umeachiwa alama yake: mweusi tumboni, chungwa ikipanda begani kama mapambazuko. Vyeusi vitupu vinavutia zaidi kwenye picha na ndivyo watu hupenda kuviweka mbele. Lakini weusi wa sare hufanya jicho lisome umbo la nje peke yake. Kwenye mchanganyiko unaona pia njia ambayo moshi ulipita, na unaona jinsi bega lilivyoukinga au kuuachia.

Kuhusu maumbo ya viumbe, mengi yameandikwa kwamba vyungu hivi ni miili ya wanawake, na ni kweli kwa kiasi. Tumbo lina ujauzito, mgongo una uti, mdomo una midomo. Odundo huchora sana, na ukiona michoro yake ya watu unaelewa kwamba shingo hizo zilianzia kwenye karatasi. Ila mwili si chanzo pekee. Katika mfululizo alioupa jina la Betu, sehemu ya juu inavutwa nyuma na kupanuka kwa namna inayokumbusha vichwa vilivyorefushwa na mitindo ya nywele ya wanawake wa Mangbetu, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Mahali pengine unaona kibuyu, mahali pengine kola pana za mavazi ya Uingereza ya karne ya 16. Maonyesho yake ya mwaka 2019 katika jumba la The Hepworth Wakefield, ambayo baadaye yalihamia Sainsbury Centre mjini Norwich, yaliweka zaidi ya kazi zake 50 pamoja na vitu vya kale na vya sasa kutoka Afrika, Ulaya, Misri ya kale na kwingineko. Ule ulikuwa mpango sahihi. Chungu chake kikiwekwa karibu na chungu cha Uganda au mtungi wa Kigiriki, unaona nani kamwazima nani na nini kimebadilika.

Hapohapo ndipo penye dosari tusiyoweza kuipita, ingawa si ya Odundo mwenyewe. Kumbi za makumbusho huandika jina lake kwenye kibao, na chini ya chungu cha Kiafrika kilicho karibu huandika jina la kabila peke yake. Mwanamke aliyekifinyanga, aliyejua kufunga bega bila kuona ndani, hana jina. Odundo amewataja walimu wake kwa miaka mingi. Wanaoandika vibao wangeweza angalau kuandika kijiji, aina ya udongo na namna kilivyochomwa, mambo ambayo mara nyingi yanajulikana.

Kazi yake ya kioo, Transition II ya mwaka 2014, haituvutii sana. Ni vipande 1,001 vya kioo vilivyoning'inizwa, vilivyofanywa kwa kushirikiana na fundi wa kioo, na wazo lake lilitokana na pambo la sikio la kioo la Misri ya kale. Kwa mbali inapendeza, inasogea kama kundi. Ukiikaribia, kila kipande kinakwisha haraka. Hakina ule mvutano wa begani, kwa sababu kioo huvimba chenyewe kwa pumzi na mkunjo wake huja bila kugombaniwa. Majina ya vyungu nayo ni makavu, yanataja ulinganifu, rangi na urefu, lakini hilo ni jema: hakuna hadithi ya kubandika inayokuzuia kuangalia.

Bei si ya mtu wa kawaida. Mnadani kazi zake hufika mamia ya maelfu ya pauni. Kwa hiyo wauzaji wa vyungu "vya mtindo wa Odundo" wapo, na anayenunua chungu cheusi cha kung'aa popote, awe wa Nairobi au London, ajue mambo machache. Chukua kitambaa cheupe chenye spiriti kidogo, usugue mahali pasipoonekana, chini ya kitako. Kikitoka cheusi, umeuziwa dawa ya viatu au rangi. Kaboni ya motoni haitoki. Gonga ukuta kwa ukucha: mlio mkavu na mrefu ni wa chungu kizima, mlio wa kufa ni wa chungu chenye ufa. Ingiza kidole shingoni upapase ndani ya ungio. Kama kuna kamba inayojitokeza isiyobanwa, bega hilo halitadumu. Kazi za Odundo mwenyewe hubeba sahihi iliyochimbwa chini, mara nyingi pamoja na mwaka.

Chungu cha namna hii kikiwa nyumbani, usikitie maji wala maua mabichi. Maji hupita ukutani, huinua tabaka la uji uliosuguliwa na kuacha alama nyeupe za chumvi. Vumbi litolewe kwa brashi laini kavu. Kibebwe kwa mikono miwili chini ya tumbo, kamwe si kwa shingo, na mikono isiwe na mafuta, maana ngozi isiyo na glezi hunywa mafuta na doa halitoki.

Anayetaka kuviona kwa macho, Makumbusho ya Uingereza jijini London yana kazi yake katika kumbi za Afrika, na Victoria and Albert Museum nayo inazo katika mkusanyiko wake. Ng'ambo ya Atlantiki ziko Metropolitan Museum ya New York na National Museum of African Art ya Washington. Uliza kabla ya kwenda kama kipande kiko ukumbini au ghalani, kwa sababu makumbusho hubadilishabadilisha. Ukifika, zunguka kabati lote. Chungu ambacho mbele kinaonekana kina ulinganifu, ubavuni huwa kimeegama, na ubavuni ndipo bega linapoonekana vizuri. Aliye mbali na miji hiyo aende Matema, Tanzania, kwenye Ziwa Nyasa, ambako Wakisi wa kijiji cha Ikombe huleta vyungu vyao sokoni. Vyao ni vya kupikia na kuwekea maji, bei yake ni ya mlo wa mchana, na wafinyanzi wenyewe wapo pale kujibu ukiwauliza walifungaje bega.